Ubeti wa Pili wa Pisupo

Mangere, Auckland
Jumapili, 15 Februari 2004

Kwa kaka yangu Setefano, ambaye kijiji kinamwita Taliaoa na mimi bado namwita Sete,

Pokea salamu zangu, wewe na nyumba yako yote. Wasalimie na wazee wa baraza, kila mmoja kwa heshima zake kamili. Naomba radhi kwamba karatasi yangu ni fupi na heshima zao ni ndefu. Huku sote wazima. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Mjukuu wetu Tiresa anaendelea na uuguzi katika wodi ya wazee, na amekonda hadi wagonjwa ndio wanaomwonea huruma na kumwekea nusu ya chakula chao. Magimbi ya soko la Otara mwaka huu yametoka Fiji. Nimeyala, lakini sikuyasifu.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha mezani. Mjukuu wetu Elisara ni namba moja. Sisemi namba moja kanisani au shuleni. Ni namba moja nchi nzima. Wimbo wake wa "Basi la Saa Kumi na Moja" unapigwa redioni asubuhi, mchana na jioni. Yule mama wa Kizungu anayeuza stempu hapa posta aliposoma jina la ukoo wetu kwenye bahasha aliniuliza kama nina undugu na Pisupo. Nikamwambia mimi ndiye niliyemlisha hiyo pisupo.

Ndiyo, Pisupo ndilo jina analojiita jukwaani. Wenzake walimbandika shuleni kwa sababu nilimfungia mkate wa nyama ya kopo kila siku ya Mungu, naye badala ya kukasirika akalichukua akaliandika kwenye fulana. Wewe uliyepewa jina lako mbele ya ukoo mzima na mikeka laini, usimcheke.

Nilikuandikia zamani jinsi mtoto huyu alivyosimama kanisani Jumapili ya Watoto akasema mistari yake ya Biblia kwa mdundo, akipiga mguu sakafuni, mpaka mchungaji naye akaanza kupiga mguu bila kujijua. Kumbe kazi yake ilianzia pale. Baadaye ilihamia kwenye gereji ya jirani: usiku zamu katika kiwanda cha kuku, mchana gereji, yeye na wenzake na mashine ya midundo waliyoinunua kwa kuchangishana. Nilidhani ni ujana na utapita. Haukupita. Ulikwenda mpaka London ukarudi.

Ombi lake ni hili. Ziara yake mwaka huu inaishia Apia mwezi wa saba. Anataka Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane avuke na vyombo vyake vyote mpaka Fagamanu, awaimbie kwenye uwanja wa kijiji bila kiingilio. Aliniambia, "Bibi, kijiji nakitaja kwenye kila wimbo na sijawahi kukikanyaga. Siku moja watu watanishtukia." Tafadhali lifikishe neno lake barazani.

Dada yako,
Fuatino


Fagamanu, Savai'i, Samoa
21 Machi 2004

Kwa dada yangu Fuatino, heshima ya nyumba yetu,

Barua yako ilifika ndani ya kiatu cha mke wa mchungaji, ambaye haamini mizigo ya ndege. Tunashukuru tumekusikia u mzima. Sisi tuko vilevile. Shelisheli imezaa mpaka nguruwe wameichoka. Kwaya imegawanyika tena kuhusu nani asimame mbele, na mimi nimealikwa kuipatanisha, maana yake nimealikwa kutukanwa na pande zote mbili.

Ombi la Elisara nimelipeleka. Wazee walilikubali kabla kikombe cha kava hakijamaliza kuzunguka. Hakuna aliyeuliza swali isipokuwa mzee Fa'alogo, aliyetaka kujua kama vyombo hivyo vitawatisha kuku wake. Nikamwambia vitawafurahisha.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Mwanangu Fetu anao huo wimbo. Anaupiga chumbani asubuhi, na mimi nikiwa kibarazani nausikia: bibi, basi, ndoo. Mzuri sana. Ukifika katikati, dada yake Malia anaingia na chai, na Fetu anairukia redio kama imeshika moto. Nikamuuliza kulikoni. Akasema betri zimekwisha. Kesho yake Malia akaingia na chai, betri zikaisha tena. Mimi ni mzee, Fuatino, lakini sijawahi kuona betri zinazokufa kila mwanamke wa nyumba anapoingia.

Basi niandikie maneno ya wimbo huo, yote. Na uniambie utakuja na ndege ipi, maana sikuliona hilo popote katika barua yako, nami niliisoma mbele na nyuma.

Kaka yako,
Taliaoa Setefano


Mangere
Jumapili ya Pasaka, 11 Aprili 2004

Kaka yangu Sete,

Amani ya leo iwe nanyi. Tumerudi kanisani sasa hivi. Nguo nyeupe bado ziko mwilini na tui liko jikoni. Tiresa anakusalimu. Elisara yuko Wellington, na amenitumia maua makubwa yasiyo na mahali pa kukaa isipokuwa bafuni.

Umeomba maneno. Ubeti wa kwanza huu hapa. Nimeutoa katika Kiingereza chake nikauweka katika lugha yetu kadiri nilivyoweza:

Saa kumi na moja, basi la kwanza linanguruma,
bibi yangu yumo ndani, kitabu mkononi anasoma,
meza za wakubwa anafuta, wao wangali wanakoroma,
ukinisikia nafoka, ni ndoo yake inayovuma.

Ni kweli, Sete, nilisoma ndani ya basi lile. Nilikuja huku mwalimu na nikapewa ufagio, na maktaba ya Mangere ndiyo iliyoniweka sawa. Sikujua kwamba mtoto ameona. Niliposikia mistari hii mara ya kwanza nilikuwa nakatakata vitunguu, jambo lililonisaidia.

Ubeti wa pili sitakuandikia. Wewe ni kaka yangu.

Naona umenielewa, kwa hiyo nitakuambia linaloniumiza zaidi. Elisara hana leseni ya udereva. Amefeli mtihani mara nyingi kuliko alivyopata tuzo. Anayemwendesha ni dada yake. Miaka minne sasa Tiresa anampeleka ukumbini, anamshusha mlango wa nyuma, kisha anakaa kwenye gari na vitabu vyake vya uuguzi mpaka kaka yake atoke. Hajawahi kumsikia akiimba hata mara moja. Kwake yeye ni sawa na zamani tulipokuwa tukienda kuona picha za sinema kwenye ukumbi wa misheni, mimi na wewe, na watu wakianza kubusiana kwenye kitambaa wewe unakumbuka ghafla kwamba hujamfunga farasi. Farasi hatukuwa naye.

Elisara naye hasemi kitu. Ila nimeona kwamba akitoka jukwaani, jambo la kwanza analouliza garini ni, "Umechoka?" naye Tiresa anasema, "Kidogo," kisha wanazungumzia kuku wa kukaanga mpaka nyumbani.

Sasa hebu fikiri. Huku anaweza kumwacha dada mmoja nje. Fagamanu nzima ni kaka na dada, na kwetu kaka na dada hawakai pamoja wakasikia maneno machafu. Atamwacha nani nje?

Wasalimie wote. Kuhusu ndege, daktari ananiangalia goti.

Fuatino


Fagamanu
30 Mei 2004

Dada yangu mheshimiwa,

Salamu nyingi. Usinilaumu kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa Apia wiki tatu kwa binti wa Sieni, aliyekuja kuolewa akasahau kila kitu isipokuwa bwana harusi. Sisi wazima. Kwaya imepatana: wote watasimama mbele.

Mambo yako yamefika barazani bila mimi kuyapeleka. Mwenye duka alipewa maneno yote ya wimbo na mpwa wake, naye akamnong'oneza Fa'alogo, na Fa'alogo hanong'onezeki. Anataka urudie kwa sauti. Baraza likakaa mchana mzima. Mmoja akasema wanaume wasikilize Ijumaa na wanawake Jumamosi. Mwingine akamuuliza: na Jumapili, tukikaa kanisani tukitazamana, kila mtu akijua mwenzake kasikia nini? Akaliondoa shauri lake. Fa'alogo akashauri akina dada wazibe masikio kwa pamba. Mkewe alikuwa nyuma ya pazia, na ushauri huo ukafia hapo.

Walikuwa karibu kulirudisha neno letu, Fuatino. Walikuwa wanatafuta tu namna ya adabu ya kusema hapana. Ndipo nikasimama. Nikawaambia kwamba kwenye uwanja wetu hakuna msemaji anayefungua kinywa kabla hajaligombea neno na wenzake. Sisi tuna desturi hiyo tangu zamani: wasemaji wawili wanasimama, wanasutana kwa lugha ya heshima mpaka mmoja amwachie mwingine haki ya kusema. Unaweza kumvua mtu nguo mbele ya kijiji kizima bila kumgusa kifungo. Huyu kijana anasifiwa ulimwenguni kwa ulimi. Vizuri. Aje wiki tatu kabla, alale nyumbani kwangu, ale ninachokula. Ubeti wa pili auache uwanja wa ndege. Siku yenyewe nitasimama naye mimi, mbele ya watu wote, akina dada wakiwa mkekani mstari wa kwanza. Likimtoka neno moja tu chafu, muziki unazimwa na vyombo vinarudi kwenye meli. Akishinda bila hilo, uwanja ni wake.

Wakakubali. Fa'alogo alikubali mara mbili.

Chumba cha upande wa bahari nimekipaka chokaa. Sisemi ni cha nani.

Taliaoa


Mangere
20 Juni 2004

Sete wangu,

Nakuamkia kutoka katika baridi inayoingia mpaka kwenye kikombe. Tuko salama. Paka wa jirani amezalia kwenye sanduku la maua ya Elisara.

Nilimsomea mjukuu wako barua yako. Kijana huyu amesimama mbele ya watu waliojaa uwanja wa mpira na hakutetemeka. Alikaa kwenye kiti changu akashika kichwa. "Bibi, babu atanimaliza," akasema. "Mimi nikikwama natukana kidogo, watu wanacheka, napata nafasi ya kuvuta pumzi. Sasa nitavutia wapi?" Nikamwambia babu yake hajawahi kuvuta pumzi tangu mwaka wa hamsini na nane.

Tiresa alikuwa akikunja nguo. Hakuinua macho. Akasema, "Mimi naenda. Huku nimekaa kwenye gari miaka minne. Fagamanu sina gari." Elisara akamwambia si lazima akae mstari wa mbele. Akajibu kwamba atakaa hapohapo mbele, katikati. "Ukiniaibisha mbele ya wanawake wa kijiji cha bibi, sitagombana na wewe. Nitainuka tu, niondoke. Na kuanzia siku hiyo upande teksi." Kisha akaendelea kukunja. Nawajua hawa watoto, Sete, nimewalea. Teksi si kitu. Alichokuwa akisema ni kwamba hatamngoja tena.

Kwa hiyo naomba umtendee kwa ukali wako wote, na kwa huruma ambayo huwa unaificha. Sikumfunza chochote isipokuwa jambo moja la adabu, kama baba alivyotufunza: mzee akishasema mara tatu, kijana huachia. Hilo amelishika vizuri; ameliandika mkononi kwa kalamu.

Mimi sitakuja safari hii. Goti limekuwa bishi. Chokaa ni kitu kizuri sana chumbani.

Fuatino


Fagamanu
Jumatatu, 9 Agosti 2004

Kwa Fuatino, dada yangu,

Nakusalimu kwa sauti iliyobaki, ambayo si nyingi. Watoto wazima. Kuku wa Fa'alogo wazima. Sitaleta habari za kwaya. Najua unaruka mistari kutafuta Jumamosi, basi hii hapa.

Kwanza ujue kwamba wiki tatu hizo nilimtesa mjukuu wako kwa upendo. Asubuhi tulipanda shambani, na kila gimbi alilong'oa lilibidi alisifu kwa maneno ambayo hajatumia kwa gimbi lililotangulia. Kufika gimbi la kumi alikuwa anatoka jasho la kichwa. Kisamoa chake kinachechemea, lakini kinachechemea kwa mdundo.

Jumamosi mchana watu walikuja mpaka kutoka vijiji vya upande wa pili. Spika zilisimama chini ya turubai, jenereta langu nyuma ya kanisa. Wanawake walikaa mbele kwenye mikeka, na katikati yao Tiresa, mgongo umenyooka, mikono mapajani. Alikuwa amevaa ua jekundu sikioni, na uso wa mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Nikasimama kifua wazi, fimbo mkononi na usinga begani. Yeye akasimama ng'ambo, maiki mkononi, na viatu vyeupe ambavyo nadhani bei yake ingenunua farasi. Nikaanza.

"Kijana, nasikia umetoka mbali kuja kusema. Kuku wa Fa'alogo nao wana mengi ya kusema, lakini tukiwaachia uwanja hakuna atakayelala."

"Babu, kuku hawana kosa," akasema. "Wamekaa jirani na msemaji miaka mingi, wamedhani ndivyo watu wanavyoongea."

Fuatino, nilicheka. Nilijificha nyuma ya usinga, lakini nilicheka. Nikamwendea mara ya pili.

"Jina lako ni nyama ya kopo. Tunaijua. Ikishafunguliwa lazima iliwe siku hiyohiyo, kesho inanuka."

"Kweli, Babu. Ile ya pipa la chumvi inadumu miaka. Ila sijaona mtu aliyeomba kuongezwa."

Uwanja ukaangukiana. Nikamtazama Tiresa kwa jicho la pembeni. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Basi nikaona kazi imekwisha. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga moyoni maneno mazuri ya kumwachia neno. Nilitaka nimpige mara ya tatu, anijibu, niiname, nimkabidhi uwanja mbele ya watu. Nikainua fimbo.

"Fimbo hii aliishika baba yangu, na baba yake kabla yake. Wewe umeshika nini?"

Akaangalia maiki. Akakaa kimya, nami nikaogopa, maana huo ndio ukimya ambao matusi huingilia. Kisha akasema taratibu, "Nimeshika maiki, Babu, na waya wake umechomekwa kwenye jenereta lako. Kwa hiyo neno ni lako." Akainama mpaka chini, akaketi.

Ameniachia. Mjukuu wako, aliyetoka London, ameniachia mimi tamasha lake. Nikamnong'oneza, "Wewe, inuka, ni zamu yako." Akanionyesha kiganja chake, na juu yake maneno yako kwa kalamu: mara tatu. Nikakutaja jina, Fuatino, kwa heshima lakini kwa nguvu.

Unajua sheria. Aliyeachiwa neno lazima aseme. Akikaa, kijiji kimebaki bila hotuba na ni aibu ya mwaka. Wazee wananitazama. Fa'alogo amefurahi mno. Na kijana wa mashine, ambaye ni Mmaori na hakujua kinachoendelea, akadhani ndiyo ishara, akaachia mdundo.

Basi nikasema. Ningefanyaje? Nikakiamkia kijiji, nikazitaja heshima zote, moja baada ya nyingine, na nikagundua kwamba mdundo ule si mgeni kwangu. Ni mwendo wa mtu anayekuna nazi. Ukishaujua, maneno yanakaa yenyewe. Elisara akaketi nyuma ya miguu yangu, na kila nilipopumua akaitikia "Malie" kwenye maiki, kwa sauti ya chini kabisa iliyotoka tumboni, kama msemaji mdogo anavyomwitikia mkubwa. Watu walisimama juu ya viti vya kanisa. Mchungaji alipiga mguu.

Nikajikuta nimefika katikati, pale wimbo wake unapogeuka. Nikawasimulia habari ya bwana mmoja mwinda njiwa, aliyejisifu kwenye kituo cha basi mbele ya wenzake wote, akaenda na wavu wake chini ya dirisha fulani, akapanda, mbwa akaamka, mwenye nyumba akatoka na taa na ndala mkononi, na asubuhi mwindaji akarudi na manyoya mawili na suruali ya mtu mwingine. Wanawake walilia kwa kucheka. Tiresa alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya shuka.

Hapo nikamgeukia mjukuu wetu. Nikautoa usinga begani kwangu nikauweka begani kwake, na nikasema ya wazee nimeyamaliza, ya vijana yana mwenyewe. Akasimama. Hakutazama umati. Alimtazama mtu mmoja, na akasema kwa Kisamoa chake kinachochechemea:

Watu elfu wanishangilia, dada yuko nje garini,
ufunguo mkononi mwake, redio yake iko chini.
Leo uwanja hauna mlango, keti mbele, keti mkekani,
maneno yote nimeyaosha, hakuna la kukutoa barazani.

Tiresa aliinuka. Nikaishika fimbo kwa mikono miwili, kwa sababu alikuwa amesema kwamba atainuka. Lakini aliinuka na mikono yake, Fuatino, ile mikono uliyomfunza jikoni kwako. Akaivuta hewani taratibu, akaanza kucheza. Kijiji kikalipuka kwa shangwe. Na Pisupo, na viatu vyake vyeupe, akajitupa chini kifudifudi miguuni pake, kama kaka anavyopaswa, akajiviringisha kwenye vumbi mpaka dada yake akamkanyaga mgongoni na kuendelea kucheza juu yake. Nilimsikia akimwambia, "Mzito wewe," na dada yake akimjibu, "Nyamaza, nimechoka kukungoja."

Nikaangalia kando yake. Kulikuwa na nafasi wazi, upana wa mtu mmoja anayecheza. Nikaweka fimbo chini, nikalala pale. Nililala kwa ajili ya mtu ambaye hakuja. Vijana wawili walihitajika kuniinua, na mgongo bado unanikumbusha. Sidhani kama mwakani nitaweza tena. Fikiria hilo kuhusu goti lako.

Kisha kombe la baharini likapulizwa kwa sala ya jioni, mashine ikazimwa, tukaingia ndani kumshukuru Mungu, wengi wetu tukiwa na vumbi.

Sete


Mangere
Jumapili, 5 Septemba 2004

Kwa kaka yangu, msemaji wa Fagamanu na sasa, nasikia, wa redio ya Auckland,

Salamu. Goti langu limenyamaza lenyewe tangu barua yako ifike. Sijui nani kaliambia nini. Watoto wamerudi na vumbi lenu. Elisara amekataa kuvisafisha vile viatu. Ameviweka juu ya televisheni, kando ya tuzo, na ukimuuliza anasema huo ndio mpangilio sahihi.

Juzi aliimba hapa mjini. Tiresa alimshusha mlango wa nyuma kama kawaida, kisha akazima gari, akafunga milango, akaingia naye. Mimi pia nilikwenda, na kofia yangu ya kanisani. Alipofika katikati ya wimbo akasimama, akasema, "Hapa babu yangu kaniazima kitu," kisha akaimba habari ya mwinda njiwa. Ukumbi ukafa kwa kicheko. Watu wa redio wanaomba huo ubeti sasa, na ule wa zamani hakuna anayeuuliza. Tulirudi nyumbani watatu, na garini hakuna aliyemuuliza mwenziwe kama amechoka. Tiresa alimkosoa kutoka ukumbini mpaka mlangoni petu, ubeti kwa ubeti, na sijawahi kumwona Elisara na furaha kama ile.

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imetoboka. Pale pa nafasi iliyokuwa wazi huwa napaacha hadi mwisho. Nitakuambia ambalo sikulisema katika barua zote zile. Nyumba niliyoiacha iliondoka na kimbunga cha mwaka wa tisini na moja, na kanisa, na mti wa shelisheli wa mama. Nilijiuliza nitarudi kwenye nini. Nilikuwa nahesabu vitu vibaya. Nimenunua tiketi ya tarehe kumi na moja Desemba. Lala mapema, unyooshe mgongo.

Lakini kuna jambo limenikosesha raha, na wewe ni mtu wa haki. Huyo mwinda njiwa wako. Kituo, dirisha, mbwa, mwenye nyumba na ndala, na ile suruali. Kila kitu kwa mpangilio wake. Kuta za nyumba yangu ni nyembamba na mimi ubeti wa pili naujua wote, kwa hiyo najua hukuruka hata kimoja. Mimi sikukuandikia. Elisara anaapa kwamba hakuthubutu. Fetu bado anasema ni betri. Basi uliujulia wapi, Sete?

Dada yako,
Fuatino


Fagamanu
26 Septemba 2004

Fuatino,

Nakusalimu kwa furaha. Wote wazima. Chokaa nimeirudia.

Tutakuja bandarini tarehe kumi na mbili, kwaya nzima, wote wakiwa mbele. Usilete magimbi ya Fiji.

Kuhusu swali lako la mwisho, nimelisoma kibarazani peke yangu, Malia akiwa hayupo. Wewe ni dada yangu. Sitakuambia.

Sete